Bunduki ya Babu Torvald na Heshima ya Ukoo wa Haugland

Kilgour, Montana
7 Aprili 1975

Dada yangu Borghild,

Pokea salamu zangu na za wifi yako Verna. Huku tu wazima, isipokuwa goti la Verna, ambalo siku hizi linatabiri theluji kuliko redio. Ndama thelathini na mmoja wamezaliwa, wawili baridi imewachukua. Tumeletewa mchungaji mpya mwenye ndevu, na akina mama wa kanisa bado hawajaamua kama watamsamehe.

Haya, sasa tafuta kiti ukae. Nimeipata bunduki ya Babu Torvald.

Ndiyo, ile ile! Ile ya wenzo, unaousukuma chini kwa vidole, ganda tupu likaruka, ukaurudisha, risasi nyingine ikapanda. Krak-krak. Bunduki iliyoibwa kwetu mwaka 1934, mimi nikiwa na miaka kumi na moja, nikalia wiki nzima.

Jumamosi shamba la akina Krumbach lilipigwa mnada. Ottilie ana miaka themanini na nne, anahamia nyumba ya wazee mjini, na wanawe wako Oregon, hawataki hata kusikia harufu ya ng'ombe. Mimi nilikwenda kununua waya wa uzio na kula keki ya tufaha ya akina mama wa kanisa. Mara dalali akainua bunduki kutoka kwenye mkokoteni. Nikaona kile kipande cha shaba kitakoni, pale Babu alipoziba ufa kwa shaba ya hatamu. Palikuwa na bwana mmoja kutoka Billings, mkusanyaji wa vitu vya kale, amevaa buti za ngozi ya nyoka ambazo hazijawahi kukanyaga kinyesi. Kila nikipanda bei, anapanda. Nikamshinda kwa dola mia sita. Verna anajua mia mbili, kwa hiyo ukipiga simu chunga ulimi.

Ottilie alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha jikoni, nacho kimebandikwa namba ya mnada. Nilipopita na bunduki begani akanitazama, akasema, "Afadhali imerudi kwenu." Uso mkavu kabisa! Mwizi anakupongeza kwa kuinunua mali yako mwenyewe.

Niliwahi kuiona kwa Gottfried, mume wa Ottilie, mwaka 1941. Nikakimbia kumwambia Baba. Baba akakohoa, akasema, "Achana nayo, mwanangu." Unajua Baba alivyokuwa mtu wa kusamehe. Mimi sikuumbwa hivyo.

Tarehe mbili Agosti ni Siku ya Waanzilishi. Nitaomba nipige mimi risasi ya kufungulia sherehe, kwa bunduki ya Babu, na kabla ya kupiga nitawaeleza watu wote ilikuwa wapi kwa miaka arobaini na moja na nani aliiiba. Nahitaji shahidi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, unakumbuka kila kitu. Niandikie karatasi, uitie sahihi.

Ndimi mdogo wako,
Delmar


Tacoma, Washington
29 Aprili 1975

Mdogo wangu Delmar,

Barua yako ilifika siku nyingi. Sijambo. Mvua hapa hainyeshi wala haikatiki. Mjukuu wangu ametoka meno mawili na ameng'ata paka. Mwambie Verna goti alikande kwa maji ya moto yenye chumvi, na aache kubeba ndoo. Wewe una mikono miwili.

Mnada huo umenisikitisha. Ottilie amelima lile shamba tangu alipoolewa.

Kuhusu bunduki, itundike ukutani uitazame. Vitu vya kale vina hila, na wewe huna macho ya zamani. Hiyo Siku ya Waanzilishi wapo wengi wa kupiga risasi. Ottilie ni mzee, mwache.

Mawaridi yangu yamechipua. Nitakutumia picha.

Dada yako,
Borghild


Kilgour
11 Mei 1975

Dada Borghild,

Salamu, na ahsante kwa dawa ya goti. Verna ameijaribu, anasema goti halijapona ila limekuwa safi. Nyasi zimeanza kijani. Yule mchungaji amenyoa ndevu, na sasa akina mama wanasema afadhali angeziacha.

Umeandika ukurasa mzima bila kujibu nilichokuuliza. Nadhani barua yangu uliisoma ukiwa na usingizi. Basi ngoja nikuamshe.

Nimeipiga!

Kwanza niliipeleka kwa fundi wa bunduki. Akauchungulia mtutu, akapiga mluzi, akasema, "Bwana, hii ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi ya zamani. Ukitia risasi kali za siku hizi, kichwa chako kitafika Wyoming kabla yako." Akanitengenezea kwa mkono risasi kumi na mbili za kizamani. Akaniapisha nisiisugue, maana ile rangi ya kahawia iliyotokana na umri ndiyo thamani yake. Ukiing'arisha, umeiua. Nafika nyumbani, namkuta Verna ameiweka mezani, ana siki na waya wa kusugulia masufuria. Nilipiga yowe mbwa wakakimbilia chini ya trekta. Nikamweleza kwamba kitu cha kale hakisafishwi, uchafu wake ndio bei yake. Verna akaniangalia kutoka kofia hadi buti, akasema, "Basi na wewe una bei kubwa."

Nikaenda nyuma ya ghala. Nikaweka kopo la maharage juu ya nguzo, hatua hamsini. Nikausukuma wenzo, ukateleza kama umepakwa siagi. Nikalenga, nikavuta. Dada, mlio si wa bunduki za leo. Unaingia tumboni. Bunduki ikanisukuma nikakaa chini, na moshi mweupe ukanifunika nisione hata buti zangu.

Verna akatoka mlangoni. "Umelenga nini?"

"Kopo."

"Kopo lipo."

Moshi ulipotawanyika tukasikia maji yanachuruzika. Nilikuwa nimelitoboa birika la kunyweshea ng'ombe, mita thelathini kulia kwa kopo. Lakini tundu lenyewe, duara safi! Bunduki haina kosa hata kidogo.

Orrin Teague, mwenyekiti wa kamati, amekubali nifungue sherehe. Pale mkahawani siku hizi kahawa yangu inalipiwa na watu wanaotaka kusikia habari zote. Nimeshawasimulia pia yule kulungu mkubwa wa Baba, ambaye bunduki hii ilimwangusha msimu ule ule kabla haijaibwa, akatulisha majira yote ya baridi. Pembe zake bado ziko juu ya mlango wangu. Watu wanavua kofia.

Karatasi ya ushahidi nimeichapisha mwenyewe kwa mashine ili nisikusumbue. Inasema: Mimi Borghild, binti wa Halvor Haugland, nathibitisha kwamba bunduki hii iliibwa kwetu na Gottfried Krumbach. Wewe ni sahihi tu. Irudishe kabla ya mwezi kwisha.

Delmar


Tacoma
20 Juni 1975

Mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua, kisha wageni, kisha kalamu haikuwa na wino. Sote wazima.

Karatasi yako nairudisha kama ilivyokuja. Sikuitia sahihi na sitaitia. Usiniulize kwa nini. Mweleze Bwana Teague kwamba umepatwa na baridi yabisi begani, atafute mwingine.

Birika umeliziba?

Borghild


Kilgour
28 Juni 1975

Borghild,

Hatujambo. Birika limezibwa.

Sikujua kwamba maji ya Tacoma yanasahaulisha watu damu yao. Babu aliibeba bunduki ile kutoka mto Missouri kwa miguu. Mama alikufa akiwa anaiulizia. Leo mimi nimeipata, na dada yangu wa tumbo moja anarudisha karatasi kama bili ya umeme iliyokosewa nyumba! Unamwogopa nani? Gottfried yuko kaburini.

Gazeti limekwisha tangaza: "Delmar Haugland kusema ukweli kuhusu bunduki ya Torvald." Watu wamekwisha jua ni nani anayesemwa. Jumapili iliyopita, kwenye kahawa baada ya ibada, Ottilie alikaa peke yake kwenye meza ya watu wanane. Na unaona, hakulalamika. Mtu asiye na hatia angepiga kelele.

Juzi nilikutana naye dukani, anachagua viazi kimoja kimoja. Nilitaka kupita. Akanishika mkono wa shati, akaniuliza, "Bado inapiga vizuri?" Nikamjibu vizuri sana. Akasema, "Gottfried hakuwahi kuipiga. Alikuwa anaipaka mafuta tu kila Krismasi." Nikamwuliza basi aliitaka ya nini. Akarudi kwenye viazi vyake.

Kweli, hilo limenikaa kooni. Lakini nitasimama jukwaani, uwe nami usiwe nami.

Delmar


Tacoma
19 Julai 1975

Delmar, mdogo wangu,

Leo sina habari za mawaridi wala za mjukuu. Nimeanza barua hii mara sita. Kaa, na Verna akae karibu yako.

Bunduki haikuibwa. Baba aliitoa kwa mkono wake.

Unakumbuka mwaka ule ulivyokuwa. Mvua haikunyesha, nzige walikula hadi mpini wa jembe uliokuwa na jasho. Mwezi wa Novemba Baba akaenda mlimani kuwinda, kukawa na ukungu. Akarudi bila kofia, akaniita mimi peke yangu nikamsaidie kubeba nyama kwa farasi. Nilipofika, nyama ilikuwa imekatwa yote, kichwa kimefukiwa. Ila ngozi ilikuwa imekunjwa chini ya msonobari, na upepo ukafunua upande mmoja. Niliiona chapa ya moto. Kilikuwa kile kikombe juu ya mstari, chapa ya Krumbach. Nilimtazama Baba, na yeye akatazama mti.

Alisema alikuwa fahali. Fahali wao mkubwa mwekundu, akasema, amesimama kwenye ukungu kichwa juu, kama kulungu hasa. Akaniapisha. Unajua bonde letu. Mtu anaweza kunywa, anaweza kumkimbia mkewe, na bado ataitwa kwenye kahawa. Lakini mtu aliyempiga ng'ombe akidhani ni kulungu, huyo wangemwimba wilaya tatu, na wewe shuleni wangekulilia "mooo" hadi unaoa.

Kesho yake alikwenda kwa Gottfried na bunduki, hakuwa na kitu kingine cha thamani. Gottfried akaipokea, na Baba akamwomba asimwambie mtu. Wakapeana mikono. Baba akarudi, akatuambia imeibwa ghalani. Hakumtaja mwizi, hilo nakiri. Lakini watu walipoanza kumtaja Gottfried, yeye alikohoa tu. Ulimsikia mwenyewe, ukakiita kikohozi kile msamaha.

Kama huniamini, teremsha zile pembe uzitazame kwa chini. Kulungu aliyeuawa, pembe zake hutoka na kipande cha fuvu. Hizo zina visigino vya duara, laini. Ni pembe zilizodondoka zenyewe, kama kulungu wa huko wanavyozidondosha kila mwaka. Baba aliziokota kule mlimani majira ya kuchipua. Wewe umewinda kwa miaka arobaini na umepita chini yake kila siku.

Akina Krumbach waliitwa wezi kwa ajili yetu na hawakufungua mdomo. Sasa unataka kumsimamisha mjane wa Gottfried mbele ya watu. Nakusihi, usifanye. Nakuomba kama dada na kama mtu mwenye aibu.

Borghild


Kilgour
5 Agosti 1975

Dada Borghild,

Salamu. Verna hajambo, na goti halijambo.

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nne. Niliteremsha pembe nikazigeuza. Kisha nikakaa kwenye ngazi nikiwa nazo mapajani mpaka Verna akaja kuuliza kama nimeanguka. Nilikuchukia siku mbili. Siku ya tatu nikamchukia Baba. Siku ya nne nikakumbuka wingi wa kahawa niliyolipiwa, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Ningeweza kusingizia bega, kama ulivyonishauri. Lakini Ottilie angebaki kwenye meza ya watu wanane. Kwa hiyo nilikwenda.

Uwanja ulijaa. Yule bwana wa buti za nyoka naye alikuja, eti kusikiliza historia. Wauguzi wa nyumba ya wazee walimleta Ottilie kwa kiti cha magurudumu, wakamweka mstari wa mbele. Alijua anakuja kusemwa nini, na alikuja amevaa kofia yake ya Pasaka. Orrin akanitambulisha kwa maneno mengi kuliko ninayostahili. Nikapanda jukwaani na bunduki.

Nikasema, "Niliwaambia bunduki hii iliibwa. Haikuibwa. Baba yangu alimpiga fahali wa Krumbach akidhani ni kulungu. Akalipa kwa bunduki, kisha akawaacha waitwe wezi. Na mimi nimewaita hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote. Bi Ottilie, naomba radhi."

Ungesikia bendera. Nikangoja mtu wa kwanza alie "mooo."

Ottilie akainua fimbo. "Delmar," akasema, "umesema vizuri, lakini si fahali."

Nikamwambia Baba alisema ni fahali.

"Najua alisema hivyo. Alimwomba Gottfried tukubaliane iwe fahali. Alikuwa ng'ombe wangu wa maziwa. Hakuwa na pembe hata moja. Alikuwa amevaa kengele shingoni!"

Dada, uwanja mzima ulianguka kwa kicheko. Orrin aling'ang'ania nguzo ya bendera. Verna alicheka hadi akasahau goti. Yule bwana wa Billings akaniuliza hapo hapo kama nauza, akidai bunduki yenye kisa kama hicho bei yake ni mara mbili. Nikamwambia aende zake.

Nilishuka nikampa Ottilie bunduki mikononi. Nikamwambia risasi ya kufungulia ni yake, na bunduki pia ni yake, Gottfried aliipata kwa haki. Akasema bunduki haitaki, chumba chake kina nafasi ya kitanda na Biblia tu. Lakini risasi ataipiga. Verna akamshika bega la kulia, mimi la kushoto. Akausukuma wenzo yeye mwenyewe, krak-krak, kwa vidole vile vilivyopinda. Akatazama mbele, kwenye ubao wa shabaha, akamwuliza Orrin kwa sauti, "Una hakika ule ni ubao?" Akapiga. Moshi ulipoondoka, ubao ulikuwa na tundu pembeni kidogo ya katikati. Akina mama wa kanisa waligombania akae meza ya nani.

Jioni nilimrudisha mwenyewe kwa gari. Njiani nikamwuliza kwa nini walinyamaza miaka yote ile. Akasema mikono ilishapeanwa. Kisha akasema kwamba haikuwa rahisi. Binti yake alikataliwa na vijana wawili kwa sababu ya jina la wizi, ndipo akahamia Oregon. Alisema hivyo huku anatazama dirishani, na mimi nikaendesha tu.

Nilipomshusha akaniuliza ni nani aliyeniambia ukweli. Nikamjibu ni wewe, na kwamba ulijua tangu siku ile. Akasema, "Borghild alikuwa anakuja kwangu kila Jumamosi kujifunza kushona. Alikula mezani kwangu. Mwulize, alikuwa anangoja nife?"

Nami nakuuliza kama nilivyotumwa.

Mdogo wako,
Delmar


Tacoma
11 Agosti 1975

Delmar,

Barua yako niliisoma nimesimama, na nimebaki nimesimama.

Mwaka jana mtu alinipigia simu akaniambia Ottilie amelazwa, huenda asitoke. Nilimwombea. Na katikati ya maombi nikahisi mzigo unanitoka kifuani, nikajua ni mzigo gani, nikaendelea kuomba hivyo hivyo.

Usimpelekee jibu. Nimekata tiketi ya basi la Alhamisi. Jibu ni ndiyo, na nitamwambia kwa mdomo wangu.

Borghild